Bia ya krafti supamaketini: nani anaamua iwepo au isiwepo?

Ukitaka kusikia mabishano yasiyo na mwamuzi, simama karibu na rafu ya bia ya supamaketi jioni ya mwisho wa wiki. Mmoja anatafuta bia aliyoionja mwezi uliopita, ile ya kopo lenye mchoro wa ajabu na jina refu, na haioni. Mwenzake anamwambia imeondolewa kwa kukosa wateja. Wa tatu anaapa kwamba makampuni makubwa yameinunua rafu nzima. Wa nne anawashangaa wote: krafti si hiyo hapo, mbona imejaa? Anaonyesha chupa ambayo, kusema kweli, imetoka kwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote vilivyowakilishwa pale mbele yao.

Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli. Wanakwama kwa sababu neno lenyewe, krafti, kila mtu analitumia kwa maana yake, na kwa sababu wachache wamewahi kuelezwa jinsi kitu chochote kinavyofika kwenye rafu ya supamaketi.

Tuanze na bia. Ikivuliwa mbwembwe zote, bia ni vitu vinne: maji, kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, mara nyingi shayiri, maua ya hopsi yanayoipa uchungu na harufu, na hamira, ambayo inakula sukari ya nafaka na kuacha kileo na gesi. Kiwanda kinachojaza matangi ya lita milioni na mtu mwenye tangi la lita elfu moja wote wanaanzia hapo. Kwa hiyo usiutafute ukrafti kwenye viambato.

Utafute kwenye ukubwa wa kazi na mwenye kazi. Fikiria fundi cherehani na kiwanda cha mashati. Kiwanda kinashona shati lilelile mara laki moja, na la kwanza lazima lifanane na la mwisho. Fundi anashona machache, anaweza kubadili kola leo na mifuko kesho, na mara nyingi duka ni lake mwenyewe. Bia ya krafti ni ya fundi: inapikwa kwa kiasi kidogo, na mtu au kampuni isiyo mkono wa kampuni kubwa ya vileo, na mpishi ana uhuru wa kujaribu. Lakini sote tumewahi kupeleka kitambaa kizuri kwa fundi kikarudi kimeharibika. Neno krafti linakuambia nani kapika na kwa kiasi gani. Halikuahidi kwamba ni tamu.

Sasa, ndogo ni ndogo kiasi gani? Hapo ndipo mambo yanapochekesha. Marekani, chama cha wapishi wa bia kiitwacho Brewers Association kinahesabu kiwanda kuwa cha krafti kama hakizidishi mapipa milioni 6 kwa mwaka, yaani karibu lita milioni 700, na kama kampuni ya vileo isiyo ya krafti haimiliki asilimia 25 au zaidi. Italia wao waliandika sheria mwaka 2016: kiwanda kiwe huru, kisizidi hektolita 200,000, ambazo ni lita milioni 20, na bia isipashwe moto kuua vijidudu wala isipitishwe kwenye vichujio vya matundu madogo mno. Kiwanda kinachoitwa kidogo upande mmoja wa bahari kinaweza basi kuwa kikubwa mara thelathini na tano kuliko kile kinachoruhusiwa kuitwa kidogo upande wa pili. Na katika nchi nyingi hakuna sheria yoyote juu ya neno hilo. Mwenye mashine ya kuchapa lebo anaweza kuliandika.

Kabla hatujasogea, tuondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba krafti ni bia kali. Ziko zinazofika asilimia 10 na kupita, na ziko za asilimia 3. Ya pili ni kwamba lager ni ya makampuni makubwa na ale ni ya krafti. Majina hayo yanahusu hamira na joto la kuchachushia: ale huchachuka kwenye joto la wastani na kuwa tayari ndani ya wiki chache, lager huchachuka kwenye ubaridi na kulazwa muda mrefu zaidi. Fundi mdogo anaweza kupika lager safi kabisa, ila itamkalia kwenye tangi kwa muda ambao angeweza kupika ale mbili. Ndiyo maana wengi huanza na ale. Ni hesabu ya tangi, haina uhusiano na itikadi.

Huu wote si mtindo wa jana. Uingereza, wanywaji waliochoshwa na bia za kufanana walianzisha chama cha CAMRA mwaka 1971. Marekani, Fritz Maytag aliokoa kiwanda cha Anchor kilichokuwa kinakufa huko San Francisco mwaka 1965, na mwaka 1976 Jack McAuliffe akaanzisha New Albion kwenye mji wa Sonoma, akitumia vyombo alivyoviunga kwa mkono wake. Kiwanda chake kilisifiwa sana na kikafungwa mwaka 1982. Bia ilipendwa, lakini ilikuwa kidogo mno kulipa gharama zake. Kaa na kisa hicho akilini, kwa sababu ndicho kinachojirudia supamaketini hadi leo.

Mteja anaiona rafu kama ubao wa maonyesho. Meneja anaiona kama jengo la kupangisha. Kila sentimita inapaswa kulipa kodi, na kodi hiyo inapimwa kwa idadi ya chupa zinazotoka kwa wiki. Bia inayotoka chupa nne kwenye nafasi ambayo nyingine ingetoka arobaini ni mpangaji anayedaiwa, hata kama wanywaji wake wanne wako tayari kuifia. Hapa ndipo yule mwenye kusema "imekosa wateja" anapopata alama yake. Lakini wateja ni sehemu tu ya hadithi, na kwa maoni yangu si sehemu kubwa.

Kikubwa ni uhakika wa kupata mzigo. Supamaketi yenye matawi haipendi kabisa tabia ile ya mafundi ya "njoo Alhamisi". Inataka bidhaa ileile, kiasi kilekile, kila wiki, yenye msimbo wa mistari unaosomwa na mashine ya kaunta, ikiletwa kwenye ghala kuu kwa saa iliyopangwa. Tuchukue mfano wa hesabu. Tangi la lita 1,000 linatoa takriban chupa 3,000 za mililita 330. Supamaketi yenye matawi 200 inasema: tuanze kidogo tu, kreti mbili za chupa 24 kila tawi. Kidogo hicho ni chupa 9,600. Matangi matatu hayatoshi. Na kama bia ni ale inayokaa tangini wiki mbili au tatu, fundi wetu mwenye matangi manne amekwisha kuyafunga karibu yote kwa mteja mmoja, kabla hajawapa baa zilizomlea hata pipa moja.

Kisha kuna fedha. Kimea, hopsi, chupa na lebo hulipiwa mapema. Ushuru wa bidhaa, katika nchi nyingi, unadaiwa pindi bia inapotoka kiwandani au muda mfupi baadaye. Supamaketi hulipa baada ya mwezi, au miwili, na mara nyingine kwa sharti kwamba kisichouzwa kitarudishwa au kitapunguzwa bei kwa hasara ya mwenye bia. Katikati ya hapo yupo msambazaji ambaye naye ana sehemu yake. Marekani msambazaji huyo amewekwa na sheria: tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yametenganisha mpishi, msambazaji na muuzaji wa rejareja ili mmoja asiwameze wengine. Mpishi mdogo asiyepata msambazaji wa kumbeba anabaki nje ya mlango hata kama meneja wa duka anamtaka. Matokeo yake ni kitu ambacho wanywaji wengi hawakidhanii: oda kubwa ya supamaketi inaweza kumfilisi mtu ambaye bia yake inauzika vizuri. Wapo wanaopigiwa simu na kukataa.

Na makampuni makubwa, wananunua rafu? Inategemea uko wapi. Kuna bidhaa na nchi ambako mtengenezaji hulipa waziwazi ili apewe nafasi kwenye rafu; Marekani sheria za vileo zinakataza malipo ya namna hiyo. Lakini ushawishi una milango mingi. Supamaketi nyingi humwomba mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa aina fulani ya bidhaa awasaidie kuchora mpango wa rafu, kwa kuwa ndiye mwenye takwimu na wafanyakazi wa kuzichambua. Huhitaji kuwa mwizi ili mchoro wako ukupendelee. Mwenye kupewa chaki ya kugawa uwanja hawezi kuichora nyumba yake ndogo.

Kuna pia sheria ambazo hakuna meneja anayeweza kuzipinda. Sweden, duka la kawaida la vyakula haliruhusiwi kuuza bia yenye kileo kinachozidi asilimia 3.5. Zaidi ya hapo ni maduka ya serikali ya Systembolaget. Norway kikomo cha maduka ya kawaida ni asilimia 4.7. Finland walipandisha kikomo hadi asilimia 5.5 mwaka 2018, kisha hadi 8 mwaka 2024. Sasa chukua IPA, ile bia ya hopsi nyingi ambayo imekuwa kama nembo ya krafti dunia nzima, na ambayo mara nyingi ina asilimia 6 au 7. Kwa Msweden haitakuwepo supamaketini kamwe, hata kama mtaa mzima unaililia. Kwa Mfini ilikuwa haipo, kisha ikaanza kuwepo, na hakuna kilichobadilika kwenye ulimi wa mtu yeyote. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye kifungu cha sheria.

Hadi hapa tumezungumzia kufika kwenye rafu. Kukaa kwenye rafu ni mtihani mwingine, na kwangu ndio wenye kueleza zaidi kuliko yote, kwa sababu bia ina maadui watatu na supamaketi ya kawaida inawahifadhi wote: joto, mwanga na muda.

Bia ya kiwanda kikubwa hupikwa ikijua kwamba itateswa. Inachujwa, kisha mara nyingi inapashwa moto hadi nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa ili vijidudu vife, mbinu inayobeba jina la Louis Pasteur, ambaye alitumia miaka kadhaa kuchunguza kwa nini bia huharibika. Inatoka ikiwa imetulia, haina uhai wa kuendelea kubadilika. Bia nyingi za krafti hazipashwi moto, na nyingine hazichujwi. Hamira yake bado i hai, na harufu ya hopsi, ambayo ndiyo watu wanailipia, ni kitu chepesi kinachotoroka. Wapishi wana kanuni yao ya mkononi: bia huzeeka kwa siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 sawa na inavyozeeka kwa siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si kipimo cha maabara, lakini kinakupa picha. Lori lililoegeshwa juani wikiendi moja linaweza kula maisha ya bia ambayo friji ingeyalinda karibu mwaka mzima. Na friji za supamaketi ndizo nafasi ya gharama kubwa kuliko zote dukani, kwa hiyo bia inayohitaji kukaa kwenye ubaridi muda wote ina nafasi chache zaidi za kugombania.

Mwanga unafanya kazi kwa kasi zaidi. Miale yake inavunja viini vya uchungu wa hopsi na kuunda kemikali yenye harufu inayokaribia sana ya kicheche aliyetishwa. Juani, dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya miale hiyo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe inayoonyesha haizuii karibu chochote. Kopo linazuia yote. Kwa hiyo yule anayeamini kwamba bia ya kopo ni duni kwa sababu ina "ladha ya bati" ana dhana iliyopitwa na wakati: makopo ya leo yana utando ndani, bia haigusi chuma, na ndiyo sababu wapishi wengi wa krafti wameyakimbilia. Ukichagua kati ya chupa ya kijani iliyokaa chini ya taa kali na kopo lililo pembeni yake, chukua kopo.

Mawingu au mashapo chini ya chupa, je? Mara nyingi ni hamira na protini, na kwa aina nyingine za bia yametakiwa yawepo. Kuharibika kunajulikana kwa vitu vingine: uchachu usiotarajiwa, ladha ya karatasi iliyolowa, povu linalomwaga kopo zima unapolifungua. Hilo la mwisho ni la kuangaliwa. Baadhi ya bia za matunda hufungwa zikiwa bado na sukari ambayo haijaliwa na hamira iliyo hai. Zikiachwa kwenye joto, hamira inaendelea na chakula chake humohumo ndani, gesi inaongezeka, kopo linavimba, na mara nyingine linapasuka. Meneja aliyewahi kufuta rafu nzima iliyolowa bia ya embe hatakuwa na hamu ya kuagiza tena, na sidhani kama kuna mtu wa kumlaumu.

Unaona basi jinsi uchujaji unavyofanyika bila mtu kukaa na kupanga njama. Kinachobaki supamaketini ni bia inayoweza kupikwa kwa wingi, kusafiri bila kulalamika, kukaa wiki kadhaa kwenye joto la duka na kutoka haraka. Hizo ni sifa za kiwanda kikubwa. Na viwanda vikubwa, vilipoona watu wanataka kitu cha kifundi, vilifanya kimoja kati ya viwili: vikatengeneza cha kwao au vikamnunua fundi.

Blue Moon, ambayo wengi wanaihesabu kuwa krafti, ilizaliwa mwaka 1995 ndani ya Coors, kampuni kubwa ya bia ya Marekani. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011. Lagunitas ya California iliuza nusu yake kwa Heineken mwaka 2015 na nusu iliyobaki mwaka 2017. Camden Town ya London ilikwenda mwaka 2015 kwa AB InBev, kampuni mama ya Anheuser-Busch. Hii ndiyo chupa aliyoonyesha yule rafiki wa nne: jina la mtaa, mchoro wa mkono, na nyuma yake magari, maghala na mikataba ya kampuni ya dunia nzima. Ndiyo maana imejaa. Nafasi yake kwenye rafu ilikuwa imeshafunguliwa na ndugu zake wakubwa.

Je, ni bia mbaya? Hapana, si lazima. Nyingine zimekuwa za uhakika zaidi baada ya kununuliwa, kwa sababu mwenye fedha ana maabara na mabomba ya chuma kisichoshika kutu. Kinachonikera mimi ni lebo kunyamaza. Mtu anayelipa zaidi akiamini anamlisha fundi wa jirani ana haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Mwaka 2017 Brewers Association walitoa muhuri wa hiari, mchoro wa chupa iliyopinduliwa, kwa viwanda vilivyo huru. Pasipo na muhuri wa namna hiyo, soma maandishi madogo nyuma: imepikwa na nani, imepikiwa wapi. Jina la kampuni usiyoitarajia likitokea hapo, umeshajibiwa.

Bei nayo inafuata mantiki hiyohiyo. Mpishi mdogo ananunua kimea kwa magunia badala ya shehena, bia za hopsi nyingi hutumia hopsi mara kadhaa ya lager ya kawaida, na mshahara wa mtu mmoja unagawanywa kwa chupa elfu badala ya milioni. Baadhi ya serikali hupunguza pengo hilo kwa ushuru nafuu. Uingereza ilianza kufanya hivyo kwa viwanda vidogo mwaka 2002. Pengo linabaki, hata hivyo, na kuna bei ambayo ni ya jina tu. Ukiona bia imepanda bei bila kukueleza aina yake, mpishi wake wala tarehe yake, una sababu ya kuirudisha rafuni.

Tarehe hasa ndiyo ningekuambia uianzie. Kwa bia za hopsi tafuta tarehe ya kujazwa kuliko ya mwisho wa matumizi. Ndani ya miezi miwili au mitatu ndipo zinapokuwa na harufu yake, baada ya hapo zinanyweka lakini harufu imefifia. Maduka hupanga mzigo wa zamani mbele, kwa hiyo nyoosha mkono hadi nyuma ya rafu. Stout nzito na bia kali za giza zina uvumilivu zaidi, hizo usizihangaikie sana. Na ukitaka duka liongeze aina, kuisifia bia pale kaunta kunasaidia kidogo. Kinachosikika ghala kuu ni chupa iliyopita kwenye mashine, tena na tena, wiki baada ya wiki. Baadhi ya matawi humruhusu meneja kununua kiasi kidogo moja kwa moja kutoka kwa mpishi wa karibu bila kupitia ghala kuu. Muulize kama lake ni mojawapo.

Kuhusu ile bia ya mwezi uliopita, yenye kopo la mchoro wa ajabu, huenda marafiki wote wanne walikosea. Wapishi wa krafti hupenda kupika toleo la tangi moja: chupa au makopo elfu tatu, jina moja, basi. Ilipikwa, ikasambazwa, ikauzika vizuri, ikaisha. Tangi lake lilishaoshwa siku nyingi na sasa lina kitu kingine.